Mbu Hupitia Juu



Mwanafunzi wetu hapa Vihingo akiulizwa mnyama anayepigiwa mfano katika aya ya 26 ya Suratul Baqarah, atajibu mara moja: mbu. Muulize huyo mbu anarukaje, atacheka. Kosa ni letu walimu, na tunalilipa kwa homa za watoto.

Mtazameni mbu aliyekufa chini ya taa. Ana mbawa mbili tu, si nne kama nyuki. Nyuma yake vipo vijiti viwili vidogo sana, kila kimoja na kichwa kama cha njiti ya kiberiti. Mbawa zikipiga, navyo hupiga, mamia ya mara kwa sekunde. Mwili ukiinama upande, vijiti huhisi, habari ikafika kwenye misuli ya mbawa, naye akajinyoosha kabla hatujapepesa jicho. Vikikatwa, hawezi tena kuruka sawasawa. Nzi naye anavyo.

Usiku mbu jike hunusa pumzi zetu, akazifuata akikabili upepo. Akiipoteza harufu huyumba kulia na kushoto mpaka aipate. Sasa hapa ndipo penye jambo letu. Anofelesi, yule aenezaye malaria, akikuta ukuta hupanda nao juu. Huko anakuta uwazi baina ya ukuta na bati, na pumzi za waliolala zinatokea hapo hapo! Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara waliushughulikia sana uwazi huo; mwaka 2018 walitoa matokeo ya kuuzungushia utepe wa kitambaa cha gunia uliotiwa dawa. Hapo Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kuulia viluwiluwi vya mbu majini. Ni jambo jema, ila aliyekwisha kuota mbawa havimpati.

Rai yetu ni hii: mchango wa mwaka huu uzibe kwanza uwazi wa bweni, zulia lisubiri. Vyandarua vibaki palepale. Wapo wazee wetu wanaosema watoto watakosa hewa. Tunawaheshimu, lakini wavu wa dirishani unapitisha hewa, na ndio tutakaotumia.

Fundi amekwisha kupima. Kilichobaki ni wavu, misumari na ngazi ndefu. Mwenye ngazi tunamwomba atuazime kabla ya masika.