Gari la Kale na Deni la Dola

Naafiki kwamba Land Rover ya miaka ya sitini, ikiwa fremu yake ya chuma haijaliwa na kutu (maana bodi ni ya aluminiamu, nayo haishiki kutu), ni chombo cha fahari. Lakini kwa sisi tuuzao bidhaa hapa soko la Konyo Konyo, Juba, ambao pato letu ni pauni ya Sudan Kusini ilhali mwenye gari, awe Nairobi au Kampala, hataki ila dola, kulinunua kwa mkopo ni jambo la hatari kubwa. Desemba 2015, Benki Kuu ilipoiachia pauni itafute bei yake, dola iliyokuwa rasmi chini ya pauni 3 ikaruka kupita 18 (wabadilishaji wa mitaani walikwisha kutangulia), hata mwenye deni la dola 5,000, aliyehesabu kulipa pauni zisizotimia 15,000, akajikuta anadaiwa zaidi ya 90,000, wala hajakopa senti ya pili.

Husemwa gari la kale halishuki thamani. Yumkini ni kweli Nairobi, ambako maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance huwakusanya wapenzi wake. Ama Juba, siku ya dhiki, nani atatoa fedha taslimu kwa gari lisiloweza kubeba shehena ya unga kutoka Nimule? Mwenye akiba na anunue, nami nitamsifu. Mwenye kukopa na atafute pikapu ya kazi, na rehani yake isiwe kibanda anachochumia.