Kutoka uwanjani hadi benchi: Njia ya Luol Deng na swali linalobaki Arua na Koboko

Nyota wa zamani wa NBA aliyekimbia vita utotoni aliijenga upya timu ya taifa ya mpira wa kikapu ya Sudan Kusini. Katika eneo la West Nile nchini Uganda, ambako maelfu ya vijana wa nchi hiyo wanakua ukimbizini, mafanikio hayo yamezua swali gumu: ni nani atakayewafundisha waliobaki?

Barabara ya lami inayotoka Arua kuelekea kaskazini hupita Koboko, huishia Oraba kwenye mpaka, na ng'ambo ya pili huanza njia ya Yei. Ni barabara ya biashara, lakini pia ni barabara ya kukimbilia uhai. Mapigano yalipozuka Juba Julai 2016, wakimbizi walimiminika West Nile kwa wingi kiasi kwamba kambi ya Bidibidi wilayani Yumbe, iliyofunguliwa Agosti mwaka huo, ilipokea zaidi ya watu robo milioni ndani ya miezi michache. Wengine walipelekwa Rhino Camp na Imvepi. Koboko yenyewe ina makazi ya Lobule, yanayowahifadhi hasa wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo.

Kwa vijana wa makazi hayo, jina la Luol Deng halihitaji utambulisho mrefu.

Mtoto wa Wau

Deng alizaliwa mjini Wau mwaka 1985. Familia yake ilikimbilia Misri, ambako alikutana na Manute Bol, mchezaji mwenye urefu wa mita 2.31 aliyekuwa Msudan wa kwanza kung'ara katika NBA, naye Bol akamfundisha misingi ya kikapu. Baadaye familia ilipata hifadhi kusini mwa London. Deng alikwenda Marekani, akasoma mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Duke, na mwaka 2004 akachaguliwa wa saba katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Aliichezea Chicago Bulls kwa karibu muongo mmoja, akaitwa katika kikosi cha nyota wa ligi mwaka 2012 na 2013, na akaiwakilisha Uingereza katika Michezo ya Olimpiki ya London.

Alistaafu mwaka 2019. Muda mfupi baadaye alikuwa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru mwaka 2011 na ambayo haikuwa hata na uwanja mmoja wa ndani wa mchezo huo. Mwanzoni mwa 2021, katika mechi za kufuzu Kombe la Afrika zilizochezwa Monastir, Tunisia, alikaa benchi yeye mwenyewe kama kocha mkuu. Gharama nyingi za timu alizilipa kutoka mfukoni mwake. Sudan Kusini ilifuzu kwa mara ya kwanza, na kazi ya ukocha akaikabidhi kwa Royal Ivey, naye pia mchezaji wa zamani wa NBA.

Yaliyofuata yanajulikana. Katika Kombe la Dunia la 2023 timu hiyo ilizifunga China, Ufilipino na Angola, ikamaliza juu ya timu zote za Afrika na kupata tiketi ya Olimpiki. Julai 2024 mjini London iliisukuma Marekani hadi sekunde za mwisho katika mechi ya kirafiki, ikapoteza kwa pointi 101 kwa 100. Siku chache baadaye, katika mechi yake ya kwanza ya Olimpiki, ulipigwa kimakosa wimbo wa taifa wa Sudan. Wachezaji wakasubiri hadi wimbo wao upigwe, kisha wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79.

Timu ya walio mbali

Hata hivyo, mafanikio hayo yana upande wa pili. Wengi wa wachezaji waliong'ara Paris walilelewa kimichezo Marekani na Australia. Deng hakungoja viwanja vijengwe. Aliwakusanya wana wa nchi waliotawanyika duniani, ambao tayari walikuwa wamefundishwa na mataifa mengine. Ilikuwa njia ya busara kwa nchi isiyo na miundombinu. Lakini kijana wa Rhino Camp hakufundishwa na taifa lolote.

Mfano unaotajwa kama jibu ni wa Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek mwaka 2006, akakulia ukimbizini Uganda, akacheza Kombe la Dunia akiwa na umri wa miaka 16, akapitia Duke kama Deng, na Juni 2025 akachaguliwa wa kumi katika uteuzi wa NBA. Lakini Maluach alikulia Kampala, na kutoka huko akachukuliwa na chuo cha NBA nchini Senegal. Ngazi aliyoipanda haifiki Arua, sembuse Koboko. Na hata aliye juu ya ngazi hana usalama: Aprili 2025, Maluach akiwa katika hatua ya mwisho ya mashindano ya vyuo, Marekani ilitangaza kufuta viza za wote wenye pasipoti za Sudan Kusini.

Arua inajua kupanda na kushuka

Wenyeji wa West Nile wana uzoefu wao. Klabu ya soka ya Onduparaka ya Arua ilipanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016 ikiwa chini ya kocha Livingstone Mbabazi, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa aliyewahi kucheza Ireland. Mashabiki wake waliujaza uwanja wa Green Light na kuwasumbua vigogo wa Kampala. Makocha wakaja na kuondoka, na mwaka 2023 klabu ikashuka daraja. Mchezaji wa zamani anaweza kuleta maarifa na heshima kwa msimu mmoja au miwili. Bila fedha za kudumu na mfumo wa vijana, anapoondoka huondoka navyo.

Kuna pia suala la uraia. Katiba ya Uganda haimruhusu mtoto aliyezaliwa nchini humo kuandikishwa kuwa raia ikiwa mmoja wa wazazi wake alikuwa mkimbizi. Kijana aliyezaliwa Arua, anayezungumza Kilugbara na asiyeijua Juba, hana timu ya taifa iliyo karibu naye. Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi, iliyoanza Rio mwaka 2016 ikiongozwa na Mkenya Tegla Loroupe, bingwa wa zamani wa marathon, hushiriki michezo ya mtu mmoja mmoja. Haina timu ya kikapu wala ya soka.

Kinachohitajika ni mtu wa kubaki

Mwaka 2025 mashirika ya misaada yalipunguza mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda, huku mivutano mipya Sudan Kusini ikiwasukuma wengine kuvuka mpaka. Katika hali hiyo, ni rahisi kusema kwamba michezo ingoje. Lakini West Nile inakumbuka kwamba baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979, wakazi wake wenyewe walikimbilia Sudan na Zaire, wakaishi huko kwa miaka. Wakakwa wa Koboko wana ndugu katika nchi zote tatu. Hapa ukimbizi ni zamu tu, na mtoto wa jirani leo huenda akawa mwenyeji wako kesho.

Somo la Deng, basi, liko katika mwanzo wa kisa chake. Kabla ya Chicago na kabla ya London palikuwa na mtu mzima mmoja huko Misri aliyemwekea mtoto mkimbizi mpira mikononi. Kumfunza mwalimu wa shule ya msingi kuwa kocha, na kumlipa ili asiondoke, ni gharama ndogo kuliko uwanja wa kisasa. Shirikisho la Kampala, lile la Juba na wafadhili wa makazi ya wakimbizi wote wanaweza kuimudu. Hadi atakapopatikana wa kuibeba, vijana wa Arua na Koboko wataendelea kuwatazama ndugu zao kwenye skrini za vibanda vya video.