Fomu za mtandao zisitulazimishe kuanza upya

Kijana wa Lubumbashi anayeomba kazi kwenye kampuni ya migodi, au anayetaka kujiandikisha kwenye chuo kikuu, mara nyingi hapeleki tena bahasha mlangoni. Anaambiwa ajaze fomu kwenye mtandao: majina, mahali alipozaliwa, shule alizopita, kazi alizofanya, kisha atie picha ya diploma na ya kadi ya uchaguzi. Wengine wanajaza kwa simu, wengine wanaenda sibere ya mtaa wa Kenya au wa Katuba. Na wengi wanajua kinachofuata: diploma inapanda, ukurasa unapepesa, na yote yaliyoandikwa yanafutika. Inabaki fomu nyeupe kama vile hakuna mtu aliyeigusa.

Watu wanasema ni rezo. Sisi tunasema hapana. Rezo yetu ina makosa yake, na umeme wa SNEL unakatika bila kumuuliza mtu. Lakini kila fundi anayetengeneza tovuti katika mji huu anayajua hayo tangu utoto wake. Anayejenga nyumba hapa hasubiri mvua ianze ndipo afikirie mabati.

Kanuni ya kutuma faili kupitia fomu ya mtandao iliandikwa mwezi wa kumi na moja 1995. Kwa mtindo ule wa kwanza, maneno na faili vilisafiri pamoja. Faili ikikwama njiani, vyote vilianguka. Siku hizi faili inaweza kwenda peke yake, nyuma ya ukurasa, huku mtu akiendelea kuandika. Shida ni kwamba kuna mafundi wanaoishia nusu ya njia. Faili ikisha kufika, wanafungua ukurasa upya ili jina la faili lionekane, na ukurasa uliofunguliwa upya unasahau maneno. Dawa yake ni ndogo: seva ikipokea diploma, irudishe namba tu, ukurasa uiweke namba hiyo ndani ya fomu, uonyeshe kwamba diploma imefika, na kitu kingine kisitikisike.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, hilo peke yake halitoshi. Maneno yanapaswa kuhifadhiwa kwenye brauza kadiri mtu anavyoandika. Faili ni jambo lingine: brauza hairuhusu ukurasa uchague faili bila mwenyewe, na hiyo ni haki, maana vinginevyo tovuti yoyote ingejichukulia karatasi zako. Ndiyo sababu namba ile ya seva nayo ihifadhiwe. Na kwa faili nzito, tangu 2013 kuna utaratibu huru unaoitwa tus: faili inaenda vipande vipande, mtandao ukirudi seva inasema imefika hadi wapi, na simu inaendelea kutoka pale. Picha moja ya simu inaweza kuwa na mega tatu au nne. Mtu aliyeituma mara tatu bila kufanikiwa amepoteza forfe yake bure, na hakuna ofisi itakayomrudishia franka zake.

Tena hatuombi muujiza. Hapa mashariki mwa Kongo, vijana wanaofanya uchunguzi kwa mashirika ya misaada wanajua KoboCollect. Wanajaza fomu kijijini, mahali hakuna rezo kabisa, wanapiga picha, na vyote vinakaa kwenye simu hadi wafike penye mtandao. Kama inawezekana katika vijiji vya ndani, inawezekana katikati ya Lubumbashi. Hata W3C, shirika linaloandika kanuni za mtandao wa dunia, katika mwongozo wake wa 2023 liliongeza sharti kwamba mtu asilazimishwe kuandika mara ya pili habari alizokwisha kutoa katika shughuli ile ile.

Jambo moja mafundi waliangalie vizuri: sibere. Mashine ya sibere inatumiwa na watu wengi kwa siku moja. Ukurasa ukihifadhi majina na namba ya kadi bila mpaka, mteja anayefuata ataviona. Afadhali mtu apewe namba ya siri ya kurudia fomu yake, na habari zifutwe kwenye mashine akisha kutuma au akiondoka. Sheria ya numerike ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Asiisahau anayetaka kusaidia.

Lakini mzigo mkubwa hatuuweki kwa fundi. Ni wa anayemlipa. Vyuo, kampuni na ofisi za serikali zinaagiza tovuti, zinaangalia rangi na picha ya mkubwa wa nyumba kwenye ukurasa wa kwanza, kisha zinatia sahihi. Fomu yenyewe wanaijaribu kwenye ofisi yenye jenereta na mtandao mzuri. Kumbe tarehe ya mwisho ya kupokea maombi ikifika, anayebaki nje si lazima awe mwenye alama ndogo. Anaweza kuwa yule tu ambaye mtaani kwake umeme ulikatika saa mbili za usiku.

Kabla ya kulipa sehemu ya mwisho ya pesa, mwenye kuagiza achukue simu ya bei ndogo, ajaze fomu nusu, atie diploma, azime data katikati, azime na simu. Akiiwasha tena, maneno yawe yamemngojea. Kama hayapo, fundi arudi kazini.