Koni haipelekwi nyumbani
Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, safari iliyokuwa ikichukua takriban saa nne kwa basi imekuwa chini ya saa mbili, nami naifurahia sana. Ila kuna raha ya Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro, ninayoiombea isipotee. Utotoni, kila tuliposhuka pale, mama alitununulia koni za aiskrimu kabla hata ya kuulizia gari la Mgeta, kwa bibi. Vingine vyote vya safari vilikuwa vya kupeleka: sukari na mchele kwa bibi tukipanda mlimani, kabichi na karoti kwa majirani tukirudi. Koni huwezi kumwekea mtu. Joto la Morogoro lilianza kuila kabla yetu. Maziwa yalichuruzika hadi kwenye kiwiko, mdogo wangu aling'ata ncha ya chini akanyonyea huko, na mama, mtu wa haraka siku zote, alisimama akitufuta mikono huku milima ya Uluguru ikijifunika ukungu. Wazazi mnaoshuka stesheni mpya, msikimbilie bodaboda. Wanunulieni watoto koni, nanyi mle zenu.