Nyumba ya Gaudí yanusurika, wenyeji watoweka

HAKUNA familia inayoishi tena katika Casa Vicens, nyumba ya kwanza muhimu iliyosanifiwa na Antoni Gaudí mjini Barcelona, Uhispania. Wakala wa hisa Manuel Vicens alijengewa kati ya 1883 na 1885, Gaudí akiwa na miaka thelathini na ushei, kuta zikapambwa kwa vigae vya maua ya manjano. Mnamo 1925 ilipanuliwa na kugawanywa ili familia tatu ziishi humo.

Benki ya MoraBanc ya Andorra iliinunua 2014, ikaikarabati na kuifungua kama makavazi Novemba 2017. Bila shaka viingilio vya watalii vinasaidia kuvitunza vigae hivyo.

Hata hivyo, ni watalii hao hao wanaolaumiwa kwa kupandisha kodi za nyumba Barcelona. Mnamo 2024, Meya Jaume Collboni alitangaza kuwa zaidi ya leseni 10,000 za nyumba za kukodisha wageni hazitaongezwa muda baada ya Novemba 2028, ili wakazi wapate pa kuishi.

Na Casa Vicens? Mnamo 2021, kupitia Airbnb, wageni wawili walitengewa usiku mmoja wa kulala humo kwa yuro 1. Mpangaji wa Gràcia, mtaa ilimo nyumba hiyo, hapati chumba kwa bei hiyo hata kwa saa moja.