Jicho Amepewa, Ulimi Je?

Kila serikali itakayo kinu cha nyuklia ina neno moja ilitangulizalo mbele ya raia wake kama ngao: mkaguzi. Ati watu watulie, kwani kituoni atakuwapo mtu mwenye ujuzi, asiyepokea mshahara wa kampuni wala kumiliki hisa zake, na ambaye kazi yake ni kutazama. Neno lenyewe ni zuri, ingawa Kiswahili kimelitia doa: kiongozi naye hukagua gwaride, akapita mbele ya watu waliokwisha kujipanga na kung'arisha viatu, kisha akarudi kivulini. Swali ambalo mtoto wa chuoni angeliuliza haliulizwi. Akishaona, je?

Marekani ndiko mfano huu ulikokomazwa. Mpango wa wakaguzi wakaazi ulianza 1978, na baada ya ajali ya Three Mile Island, Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979, ukaenezwa katika vituo vyote. Mkaguzi huyo ni mtumishi wa Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, NRC. Huingia kituoni saa yoyote bila ya kubisha hodi, na hawekwi kituo kimoja zaidi ya miaka saba, asije akazoeana mno na wenyeji. (Aliyeweka sharti hilo alijua nguvu ya kikombe cha kahawa cha kila asubuhi.) Husoma daftari za zamu, huzunguka baina ya pampu na mabomba akitafuta tone lisilo mahali pake. Ni kazi ya subira, na wengi waifanyao huifanya kwa uaminifu. Lawama iliyo hapa haiwahusu wao kwanza, bali walio juu yao.

Tazama Davis-Besse, kituo kilichoko Ohio, ukingoni mwa Ziwa Erie. Katika vinu vya aina hiyo maji yanayopoza moto huchanganywa na asidi ya boriki. Yakivuja, maji huwa mvuke yakapotea, asidi ikabaki juu ya chuma ikila taratibu, kama chumvi ilavyo misumari ya jahazi. Dalili hazikuwa za kufichika. Machujio ya hewa yalizibwa na unga wa kutu hata yakawa yakibadilishwa kila baada ya siku moja au mbili. Picha zilizopigwa mwaka 2000 zilionyesha michirizi myekundu ikitiririka kutoka kifunikoni mwa kinu. Wakaguzi wakaazi walikuwapo siku zote hizo.

Mwaka 2001, nyufa zilipogunduliwa katika vituo vingine, NRC ilitaka vituo vilivyo hatarini vikaguliwe kabla ya 31 Desemba. Kampuni ya Davis-Besse haikutaka kuzima. Wataalamu wa Tume wakaandika amri ya kukizima kinu. Amri haikutolewa, kampuni ikapewa muda hadi 16 Februari 2002. Siku arubaini na saba! Mwezi wa Machi, kinu kikiwa kimezimwa, mafundi wakakuta shimo la ukubwa wa nanasi: feleji ya unene wa sentimita 16 hivi imelika yote, pamebaki utando wa chuma kisichoshika kutu, unene wake sentimita 1 au pungufu, ndio uliokuwa umebeba shinikizo la kinu kizima. Inspekta Mkuu wa NRC yenyewe aliandika Desemba 2002 kwamba uamuzi wa kuchelewesha ulitokana kwa sehemu kubwa na kutotaka kuitia kampuni hasara. Baadaye kampuni ilitozwa dola milioni 5.45 mwaka 2005, na milioni 28 mwaka 2006. Ile amri iliyoandikwa ikalazwa kabatini haimo katika hesabu hiyo. Wahenga walionya kuhusu ufa usiozibwa. Hawakufikiria nyumba ambayo fundi ameuona ufa, akauandikia, kisha akaambiwa angoje mpaka mwenye nyumba amalize kukusanya kodi.

Japani nako ulimi ulikatwa kwa kisu kingine. Mwaka 1989, fundi aliyekuwa akikagua kinu namba 1 cha Fukushima Daiichi kwa niaba ya General Electric alikuta kikaushio cha mvuke kimepasuka, akatakiwa aziondoe kwenye filamu sehemu zenye kuonyesha nyufa. Mwaka 2000 aliiandikia serikali ya Japani. Serikali ikafanyaje? Ikaipa kampuni jina lake. Miaka miwili ilipita ndipo, Agosti 2002, kashfa ikafichuka, na kufikia Aprili 2003 vinu vyote 17 vya kampuni hiyo, TEPCO, vilikuwa vimezimwa. Na bado idara ya usalama, NISA, iliachwa ndani ya wizara ileile iliyokuwa na kazi ya kueneza nyuklia: kesi ya ngedere kwa hakimu nyani. Baada ya 11 Machi 2011, tume ya Bunge la Japani ilitamka kwamba yale yalikuwa maafa ya kutengenezwa na binadamu. NISA ikavunjwa 2012. Ilibidi kwanza miji ihamwe.

Atatokea mtu aseme hayo yamepita, dunia imejifunza. Imejifunza wapi? Mei 2025 Rais wa Marekani aliiamuru NRC iwe ikiamua maombi ya vinu vipya katika muda usiozidi miezi 18. Anayehimizwa mbio ni yule yule aliyepewa kazi ya kusema "ngojeni".

Wala mambo haya si ya ughaibuni tu. Kenya ilikusudia kinu Uyombo, Kilifi, jirani na ghuba ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakazi waliandamana 2024, na baadaye serikali ikaelekeza macho Siaya, penye Ziwa Viktoria. Tanzania yenye urani yake nayo inazungumzia umeme wa nyuklia, na Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya 2003 iliikabidhi Tume moja kazi mbili: kudhibiti mionzi na kuhimiza matumizi ya teknolojia hiyo. Ndiyo ndoa iliyoponza Japani. Itenguliwe kabla ya tofali la kwanza. Mkaguzi awe na haki ya kukizima kinu kwa saini yake, kampuni ikate rufani kinu kikiwa baridi. Jina la anayetoa siri lisivuke mlango wa ofisi. Na ripoti itoke kwa Kiswahili siku ileile inayotoka kwa Kiingereza, ibandikwe sokoni na dikoni, mvuvi apate kusoma chujio limebadilishwa mara ngapi.