Tusitie saini bima tusiyoielewa

Neno "bima" lilitoka Uajemi, likatufikia kupitia Bara Hindi. Mzizi wake ni "bim", yaani hofu. Asili hiyo ina mafunzo. Hofu ya moto, maradhi na ajali humpata kila mwenye jamaa, naye mwenye busara huikabili kwa njia mbili: huzuia hasara isitokee, kisha huchanga pamoja na wenzake ili ikitokea isimlemee peke yake. Ya kwanza ni kinga. Ya pili ndiyo bima.

Yafaa ieleweke kwamba bima haichukui mahali pa kinga. Mnamo Machi 1998, wasichana 26 waliangamia katika bweni la Bombolulu, Kwale. Machi 2001, wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos. Milango iliyofungwa na madirisha yenye vyuma viliwanyima wengi njia ya kutorokea. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 ukaagiza milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwekwe vyuma. Hata hivyo, Septemba 2024 wavulana 21 walifariki katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Hakuna fidia iwezayo kumrudisha mtoto.

Je, mlinzi wa usiku na mpishi wa shule wameelezwa maagizo hayo kwa lugha waielewayo? Onyo lisiloeleweka halimwokoi mtu.

Ugonjwa huo huo umeipata bima yenyewe. Hati zake nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kinachomtatiza hata mwalimu wa Kiingereza. Chukua bima ya gari inayolazimishwa na sheria. Kwa lugha ya sarufi, kampuni ni nafsi ya kwanza, mwenye gari ni nafsi ya pili, na aliyegongwa ni nafsi ya tatu. Bima hiyo humlinda nafsi ya tatu. Gari la mwenyewe likiungua au likiibwa, yeye hapati kitu. Ni wangapi hulijua jambo hilo kabla ya hasara? Hali kadhalika, anayekata bima ya maisha hutakiwa kueleza kwa ukweli maradhi aliyo nayo. Asipofanya hivyo, kampuni yaweza kukataa kulipa, na wanaoumia ni mayatima.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hiyo. Dai hilo halina mashiko. Fidia, dhamana, mrithi, mdai na hasara ni maneno tuliyo nayo tangu zamani. Isitoshe, Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 7 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hivyo, kampuni zilazimishwe kutoa hati kwa Kiswahili sanifu, na mteja achague aitakayo.

Wakati tukingojea hayo, walimu wana kazi. Ileteni hati ya bima darasani iwe zoezi la ufahamu na la tafsiri. Wanafunzi waulize: bima hii yamlinda nani? Ni hasara gani isiyolipwa? Dai lapelekwa kwa muda gani? Mwanafunzi atakayeweza kuyajibu maswali hayo atawasomea wazazi wake kabla hawajatia saini. Tahadhari kabla ya hatari.